Ukihamia, Bati Lina Miaka Minane Tayari

Muulize mtu aliyejenga Goba, Kivule au Kibaha msingi wake ulikula tripu ngapi za mchanga, atakujibu bila kufungua daftari. Anajua idadi ya matofali ya kuta, anajua nondo za lenta, anajua mfuko wa saruji uliuzwaje mwaka ule na mwaka uliofuata, na fundi aliyetokomea na hela ya kenchi anamkumbuka kwa jina la baba yake. Kisha muulize ametenga kiasi gani kwa ajili ya kubadilisha bati. Wengi hulichukua swali hilo kama utani, wengine kama uchuro. Bati si lipo? Nyumba si imekwisha?

Hapo ndipo hesabu zetu zinapopotea. Mtu anatoka nyumba ya kupanga akishangilia kuagana na kodi, na ile laki mbili au tatu aliyokuwa akimpa mwenye nyumba kila mwezi inamezwa na matumizi mengine kabla mwaka haujageuka. Hakuna aliyemwambia kwamba sehemu ya kodi ile ilikuwa ya paa, ya pampu, ya shimo la choo na ya rangi, na kwamba gharama hizo zimepanda naye kwenye gari lililobeba makochi. Sasa mwenye nyumba ni yeye na mpangaji ni yeye. Tatizo ni kwamba mpangaji huyu halipi, na mwenye nyumba anamwonea haya kumdai.

Jinsi tunavyojenga inaizidisha shida hii. Wachache hujenga kwa mkopo wa benki na kuhamia baada ya miezi kumi. Wengi hujenga kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, bonasi ikitoka kuta zinapanda, kisha mtu anajikamua apaue ili kuta zisinyeshewe. Baada ya hapo fedha inakata. Pagale linakaa miaka mitano, saba, minane, popo wakiwa ndio wapangaji wa kwanza. Hatimaye inapigwa plasta, madirisha yanawekwa, familia inahamia, shehe au mchungaji anaalikwa kuomba dua. Watu wanasema nyumba mpya. Ni kweli kwa milango na vigae, lakini si kweli kwa bati. Bati lilianza kuzeeka siku lilipopigiliwa msumari wa kwanza. Kama pagale lilikaa miaka minane, unahamia chini ya paa ambalo limekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake, na kama ulinunua bati jembamba kwa sababu mfuko ulikuwa umetoboka, huenda limekula zaidi ya nusu.

Dukani wanakuuliza geji, nawe unajibu kwa bei. Namba ya geji inapopanda, bati linakuwa jembamba zaidi: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Jembamba na nene yote yakipakwa rangi ya maruni hufanana yakiwa juu, na hapo ndipo wengi wanapoliwa. Halafu kuna bahari. Upepo wenye chumvi wa Kigamboni, Kunduchi, Bagamoyo, Tanga au Nyali hula zinki kwa kasi ambayo mtu wa Dodoma haijui, kwa hiyo bati lile lile lenye miaka ishirini bara linaweza kuanza kutoa kutu pwani kabla ya wakati huo. Na mara nyingi si bati linaloanza kuvuja. Ni ile mipira midogo ya kwenye vichwa vya misumari, ambayo jua huikausha mpaka inapasuka. Tone linapita pembeni ya msumari, linalowesha papi, linaozesha kenchi taratibu, na wewe unakuja kuliona siku linapochora ramani ya kahawia kwenye jipsamu ya sebuleni. Kubadilisha misumari na mipira ni kazi ya siku moja au mbili ya fundi. Kubadilisha kenchi na dari ni habari nyingine kabisa.

Hapa wazee wetu wana methali ambayo kila mtu anaijua, ile ya ufa na ukuta, na sitaki kuirudia kwa sababu nadhani imetufundisha nusu ya somo. Inatuambia kwamba uharibifu mkubwa ni mtoto wa uzembe mdogo. Ni kweli kwa misumari ya bati na kwa bomba linalodondosha. Lakini ipo gharama nyingine isiyotokana na uzembe wa mtu yeyote. Pampu iliyotunzwa vizuri hufa. Bati lililopigwa rangi kila wakati hufa, likichelewa. Tangi la plastiki linalokaa juani miaka yote siku moja hupasuka. Ukiziba kila ufa kwa uaminifu, bado siku ya bati jipya itafika, na itafika na bei yake kamili. Kwa hiyo nyumba inahitaji mifuko miwili: mmoja wa kuziba, ambao ni mdogo na hutumika kila mwaka, na mmoja wa kubadilisha, ambao unakaa kimya miaka mingi ukingoja siku yake. Watu wengi hawana hata mmoja. Wachache wenye mmoja wana ule wa kwanza, na hujiona wamejipanga.

Tufanye hesabu kwa nyumba ya mfano ya vyumba vitatu. Bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Wewe weka za fundi wako. Tuseme kuezua na kuezeka upya ni shilingi milioni 9, na paa la namna hiyo mahali ulipo linadumu miaka 20. Gawanya: 450,000 kwa mwaka, yaani 37,500 kwa mwezi. Pampu ya 600,000 inayodumu miaka mitano ni 10,000 kwa mwezi. Tangi na mnara wake, milioni moja na nusu kwa miaka 15, ni kama 8,300. Kunyonya shimo la choo mara moja kwa mwaka kwa 150,000 ni 12,500. Rangi ya nje ya milioni 1.8 kila baada ya miaka sita ni 25,000. Kubadilisha mfumo wa umeme kwa milioni 3 baada ya miaka 25 ni 10,000. Mabomba, koki na masinki, milioni 2.4 kwa miaka 20, ni 10,000 nyingine. Jumla inafika kama 113,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinauma, lakini ni chini ya kodi ambayo watu wengi wa mjini waliilipa kwa miaka kwenye nyumba isiyo yao.

Sasa tuseme hukuweka chochote, na bati lako lina miaka 14. Hapo hugawanyi tena kwa 20. Unagawanya kwa sita iliyobaki, na 37,500 inageuka kuwa 125,000 kwa mwezi kwa paa peke yake. Ndiyo sababu swali la kwanza la bajeti ya nyumba si bei ya kitu, ni umri wake uliobaki. Mwenye nyumba anayejua mwaka ambao kila kitu kilifungwa anaweza kupanga. Asiyejua anasubiri kushtukizwa. Daftari moja la kurasa tisini linatosha: mwaka wa bati na geji yake, mwezi ambao pampu ilibadilishwa, siku gari la majitaka lilipokuja, aina ya rangi na namba yake. Ongeza picha za simu za mabomba na nyaya kabla plasta haijapigwa. Fundi anayejua bomba linapita wapi hatoboi ukuta mara nne kulitafuta, nawe hulipi matobo manne.

Marekani wana kanuni yao rahisi wanayopeana wanunuzi wa nyumba: weka kila mwaka kati ya asilimia moja na nne ya thamani ya nyumba. Nyumba yetu ya mfano, kama iligharimu milioni 70 kujenga, ingehitaji milioni 1.36 kwa mwaka kwa hesabu niliyoifanya juu, ambayo ni karibu asilimia mbili. Kanuni inakubali. Lakini ukiichukua kama ilivyo itakupotosha, kwa sababu thamani ya nyumba mjini kwetu imebebwa na ardhi. Kiwanja cha Mbezi Beach kinaweza kupanda bei mara tano bila bati lililo juu yake kujua. Paa la huko halihitaji fedha mara tano ya paa la Chanika eti kwa sababu madalali wamechangamka. Piga hesabu kwa gharama ya kujenga upya jengo leo, si kwa bei ambayo ungeliuzia, wala si kwa ile uliyolipa mwaka 2009 wakati saruji ilikuwa na bei nyingine. Na kila mwaka upya, kwa sababu bei ya bati haikungoji.

Vitu vingine havina haja ya maneno mengi. Pampu huuawa na kiu: maji ya bomba yakikatika ikaendelea kuzunguka kavu, inaungua, na kifaa cha kuizima tangi la chini likiisha ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na pampu. Umeme nao una ujanja wake wa kuzeeka. Waya wa milimita mraba 2.5 uliowekwa kwa ajili ya redio na pasi unabebeshwa kiyoyozi, jiko na hita, na unachemka ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Breka ikianza kuruka, usimwambie kijana wa mtaani aweke kubwa zaidi; anachofanya ni kumnyamazisha mlinzi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na gharama hiyo iwe kwenye hesabu tangu siku unaponunua kiyoyozi.

Shimo la choo linastahili aya yake, kwa sababu ndilo tunaloliona haya kulizungumza. Tangi la majitaka limejengwa ili uchafu mzito utulie chini na maji yapite kwenda kwenye shimo la pili, yanywewe na ardhi. Ukikaa miaka bila kulinyonya, tope linapanda, linafuata maji, na kwenda kuziba vinyweleo vya udongo wa lile shimo la pili. Baada ya hapo unaweza kuita gari kila mwezi na bado chemba zitafurika, maana ardhi yenyewe imekataa kunywa. Dawa inakuwa kuchimba shimo jingine, kama kiwanja kina nafasi. Wenye nyumba za mabondeni wanaifahamu njia ya mkato, ile ya kutapisha choo mvua kubwa inaponyesha ili mafuriko yabebe. Ni kinyume cha sheria, na kipindupindu hakiulizi shimo lilikuwa la nani. Aliyekwepa gharama yake ameihamishia kwa majirani.

Anayenipa wasiwasi zaidi ni mstaafu. Kwa kawaida mtumishi wa umma wa Tanzania anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo kinaingia, na ndoto iliyosubiri miaka thelathini inatimia kwa mkupuo: vyumba vitano, kila mtoto cha kwake, ingawa watoto wenyewe wako Mwanza, Nairobi na Muscat. Nyumba inang'aa. Sasa peleka mbele kalenda. Rangi ya nje inadai mzee akiwa na miaka 66. Pampu inadai mara ya pili na ya tatu akiwa kwenye sabini. Bati linadai karibu na themanini, wakati pensheni ya mwezi ndiyo hiyo hiyo na sehemu yake imekwisha chukuliwa na dawa za presha. Gharama kubwa kuliko zote imepangwa kufika wakati kipato kiko chini kuliko wakati wote, na hakuna aliyekaa kitako akaipanga hivyo. Ndiyo sababu kila ukoo una nyumba kubwa ya mzee yenye vyumba viwili vinavyokaliwa na vitatu vinavyovuja, na kundi la WhatsApp la watoto wanaosukumiana mchango.

Ningekuwa na sauti kwenye semina wanazopewa watumishi kabla ya kustaafu, ningesema jambo moja tu kuhusu ujenzi: punguza vyumba viwili, na fedha ya vyumba hivyo iwe ndiyo mfuko wa nyumba. Iweke kwenye kitu kinachokua na kinachotoka kwa siku chache ukikihitaji. Mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, kama ule wa Ukwasi, imesaidia watu wengi wa mishahara ya kawaida kufanya hivyo, na hati fungani za serikali zipo kwa mwenye kiasi kikubwa zaidi. Vyumba viwili vilivyopungua havihitaji bati, rangi wala dari. Umeokoa mara mbili.

Na paa liwe la kawaida. Nasema hivi nikijua wachora ramani watanichukia. Siku hizi kila kijana anataka nyumba ya kisasa yenye paa lililojificha nyuma ya ukuta, ionekane kama sanduku jeupe. Inapendeza kwenye picha. Lakini paa la mgongo wa kawaida lina mteremko unaomwaga maji nje ya kuta, na likivuja unaliona. Paa lililofichwa linamwaga maji kwenye mfereji ulio ndani ya jengo. Majani yakiziba, au maungio yakiachia, mvua ya masika inaingia moja kwa moja kwenye kuta na dari. Anayelitaka alijenge, ila aongeze mstari kwenye bajeti yake: fundi wa kusafisha mfereji ule kabla ya masika na kabla ya vuli, kila mwaka, mpaka atakapouza.

Suala la kuhifadhi fedha hii ni gumu kuliko hesabu yenyewe. Tulijifunza kuweka akiba kwa kununua vifaa: leo mifuko kumi ya saruji, kesho nondo. Njia hiyo ilitujengea nyumba, ila haitatusaidia kuitunza. Saruji iliyokaa stoo miezi mingi inashika unyevu na kupoteza nguvu. Bati lililopangwa likiwa na majimaji katikati linatoa madoa meupe na kuanza kuharibika kabla halijaonja jua. Fedha ikiwa kwenye simu nayo ina maadui wake: Januari kuna ada, kuna msiba wa Singida, kuna shemeji mwenye harusi. Kikoba kinasaidia kwa sababu kinaifungia fedha, na mgao wa Desemba unaweza kugawanywa: hisa moja ni ya paa, haiguswi. Lakini sijawahi kumsikia mwanakikoba akisimama kikaoni kuomba mkopo wa kubadilisha mfereji wa mvua. Tunaona haya kukopa kwa kitu ambacho wageni hawatakiona.

Serikali yenyewe iliona nguvu ya kukata kidogo kidogo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa kupitia LUKU ya umeme, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, badala ya mtu kudaiwa mara moja kwa mwaka. Watu walilalamika, kisha wakazoea. Anayeweza kuiagiza benki ikate 100,000 siku ile ile mshahara unapoingia atazoea pia, na kwa haraka zaidi, kwa kuwa safari hii mkusanyaji ni yeye.

Watu wa pwani walikuwa na utaratibu mkali zaidi. Katika sheria ya wakfu, nyumba inapowekwa wakfu ili kodi yake isaidie msikiti au kizazi fulani, mapato yanaanza kuitengeneza nyumba yenyewe. Wanaofaidika wanapata kinachobaki. Wenye nyumba za kupangisha wa leo wamepindua mpango huo. Kodi ya miezi sita inapokelewa kwa mkupuo na kuliwa kwa mkupuo, na koki ikikatika mpangaji anaambiwa atengeneze kisha "tutakatana". Waliojenga ili wapangishe wangeweza kuanza na asilimia kumi tu ya kila malipo, ikatoka kabla hela haijafika nyumbani.

Kwenye maghorofa mambo yanakuwa ya siasa. Wa juu kabisa ndiye anayevujiwa, wa chini ndiye anayefurikiwa na chemba, na wa katikati hajui wanalalamikia nini. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, na Kenya ikapitisha mpya ya kwake mwaka 2020, zote zikitaka wamiliki wawe na chombo kimoja cha kusimamia na kugharamia vya pamoja. Kabla ya kununua fleti, acha kukagua vigae vya jikoni. Omba kuona akaunti ya chombo hicho ina kiasi gani, na lifti ina miaka mingapi. Ukiambiwa kila mtu huchangishwa pale kitu kinapoharibika, jua umeuziwa na deni. Na ukitaka kuona uchakavu unaweza kulifanya nini jengo kubwa, Zanzibar ina mfano wa majonzi: Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilichakaa kwa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati matengenezo yakiwa yanaendelea, watu wawili wakafa.

Vipi kama fedha haitoshi kwa yote? Haitoshi kwa wengi, na hapo ndipo pa kuwa mkatili. Kinachozuia maji kuingia kinatangulia: bati, misumari, mifereji. Kinachofuata ni umeme, kwa sababu unaua, kisha majitaka, kwa sababu yanaua polepole. Pampu na tangi vinaweza kusubiri kwa ndoo kwa wiki kadhaa. Rangi ya nje inakinga plasta, hivyo si anasa, lakini inaweza kuvuka mwaka mmoja au miwili. Geti jipya, vigae vya kumeremeta na taa za ukutani viko nyuma kabisa ya foleni. Sikukuu ikifika na shemeji akasema mbona rangi imepauka, mkaribishe chai, kisha mpe ngazi apande darini, akaone hela ilikokwenda.